Mita inasema umeme upo, taa haiwaki: kisa cha taa za rivasi kwenye minivan ya zamani

Gari hili lilipita mikononi mwa mafundi kadhaa kabla ya kufika kwenye gereji yetu. Majina, mji na aina ya gari nimeviondoa. Mjini kwao magari ya aina hiyo yanahesabika, ukilitaja tu watu watajua ni la nani. Nakiandika kisa hiki kwa ajili ya mafundi vijana wa umeme wa magari, na kwa wenye magari waliochoka kununua balbu.

Gari na kazi yake

Ni minivan ya Kijapani ya mwishoni mwa miaka ya 1990, ukoo wa akina Noah na Serena. Injini ya petroli, gia za oto. Mwenyewe ni mama anayepika kwenye shughuli: harusi, arobaini, maulidi. Viti vya nyuma viling'olewa zamani ili masufuria, majiko ya gesi, ndoo za sahani na turubai vipate nafasi. Dereva ni mtoto wa dada yake.

Kwa kazi hiyo, mlango wa nyuma, ule unaoinuka juu, hufunguliwa na kufungwa kutwa nzima, na mara nyingi hubamizwa kwa sababu mikono imejaa. Tena ni mji wa pwani, gari linalala nje na upepo wa chumvi unalipiga usiku kucha. Ugonjwa wote ulitokana na mambo hayo mawili, ingawa kwa muda mrefu hakuna aliyeutafuta huko.

Kwenye gari hili taa za rivasi, zile zinazowaka gari likirudi nyuma, ziko kwenye mlango wa nyuma wenyewe, haziko kwenye bodi. Njia ya umeme ni hii: unatoka kwenye fyuzi ukishawasha switch ya funguo, unakwenda kwenye swichi ya gia iliyo ubavuni mwa giaboksi, na ukiingiza R, gia ya kurudi nyuma, swichi inaufungulia. Hapo unarudi nyuma, unapanda hadi darini, unapita ndani ya mpira mweusi ulio karibu na bawaba za mlango, kisha unagawanyika kwenda kwenye balbu mbili za wati 21 kila moja. Kurudi kwake ni kwa waya mmoja wa erthi, unaopita ndani ya mpira uleule na kufungwa kwa skrubu kwenye bati la bodi. Yaani umeme unapita kwenye mpira ukienda na unapita tena ukirudi, na mpira huo hukunjwa na kukunjuliwa kila mlango unapofunguliwa.

Fyuzi ya taa hizo ndiyo iliyokuwa ikilisha pia geji za dashibodi. Kwa magari mengi ya Kijapani ya umri huo ni jambo la kawaida.

Yaliyotangulia

Dereva alitueleza yote kwa mpangilio mzuri kuliko wateja wengi, na maelezo yake ndiyo yaliyotupunguzia kazi.

Taa zilianza kwa kusuasua, leo zinawaka, kesho haziwaki. Kisha zikafifia, kisha zikazima kabisa. Fundi wa kwanza alibadilisha balbu zote mbili. Jioni ile ziliwaka, asubuhi zikakataa. Balbu zenyewe hazikuwa zimeungua, na hilo lingemstua mtu, lakini fundi alisema ni balbu za bei rahisi, akaweka nyingine.

Siku moja ya mvua, mlango wa nyuma ukiwa wazi, geji zote za dashibodi zililala ghafla. Dereva alifungua kisanduku cha fyuzi, akaona moja imekatika, akachomeka aliyokuwa nayo mfukoni. Geji zikarudi, akaendelea na safari.

Fundi wa pili alikuja na mita ya kupimia umeme. Huyu alikuwa anaelekea pazuri. Alichomoa balbu zote mbili, akaingiza R, akagusa holda inayoshika balbu, mita ikaonyesha karibu volti 12. Papo hapo dereva akapiga kelele kutoka mbele kwamba kamera ya rivasi imerudi. Kamera hiyo ilifungwa na fundi redio, ambaye alichukua umeme wake kwenye waya wa taa ya rivasi ndani ya mlango. Tangu taa zife, na yenyewe ilikuwa imekufa. Sasa balbu zikitoka inawaka, balbu zikirudi inazima. Fundi akahitimisha kwamba waya ni mzima na balbu "zinakula umeme kupita kiasi", akaweka za LED. Ziliwaka. Hazikung'aa sana, lakini ziliwaka, na kamera ikawaka. Wiki kadhaa zilipita salama, kisha kila kitu kikazima: taa, kamera, vyote.

Fundi wa tatu hakupima kitu. Alisema gari la oto la umri huo likikosa taa za rivasi ni swichi ya gia, basi. Swichi ya mtumba ikaagizwa Dar es Salaam kwa shilingi 80,000, nusu ikalipwa, ikawa inasubiriwa kwa basi.

Kabla haijafika, dereva alirudi nyuma usiku kwenye uwanja wa shughuli bila taa wala kamera, akaponda sufuria kubwa la pilau. Lilikuwa tupu, na hakuna aliyeumia. Lakini pale alipolikuta, dakika chache kabla palikuwa na watoto wanacheza. Mama ndiye aliyelileta gari mwenyewe kesho yake.

Lilipofika kwetu

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Nasema mapema, mimi balbu sinunui tena. Hata ya bure sitaki."

Tulianza bila kifaa chochote. Tofali mbele na nyuma ya tairi, hendibreki juu, switch on, injini imezimwa, gia R. Kazi ya taa za rivasi haifanywi injini ikinguruma na mtu amesimama nyuma ya gari. Sihitaji kueleza kwa nini, lakini naona inafanywa kila siku.

Dashibodi iliwasha herufi R. Tukajaribu kuwasha injini: kwenye P (ya kuegesha) inawaka, kwenye N (gia huru) inawaka, kwenye D (ya kwenda mbele) na R inakataa, kama inavyotakiwa. Swichi inayodhaniwa kufa ndiyo hiyohiyo inayoamua injini iwake kwenye gia gani, na kwa kawaida ndiyo inayowasha herufi za dashibodi. Ikiwa inafanya hayo yote sawasawa, tuhuma dhidi yake zinapungua. Hazijaisha, kwa sababu kitaa cha herufi R kinahitaji umeme kidogo sana, na kidole cha swichi kilicholika kinaweza kukiwasha na bado kishindwe na balbu mbili za wati 21.

Tukafungua kisanduku cha fyuzi. Mahali palipoandikwa ampea 10 palikuwa na fyuzi ya njano. Fyuzi ya ampea 10 ni nyekundu, ya njano ni ya 20. Tuliitoa palepale tukaweka nyekundu. Fyuzi yenyewe haikuwa chanzo cha ugonjwa, lakini ilituambia kwamba kuna mahali waya uligusa bati, na kwamba ukigusa tena, waya utapata moto kabla fyuzi haijakatika.

Kisha tukatoa kifaa tunachokiamini kuliko mita: balbu ya wati 21 iliyochomelewa nyaya mbili ndefu zenye vibanio vya mamba mwishoni. Gereji yoyote inaweza kuitengeneza kwa balbu iliyolala kabatini. Testa ya kalamu yenye kibalbu kidogo haitoshi kwa kazi hii, na testa ya LED ni mbaya zaidi.

Kijana wetu mmoja alilala chali ndani ya gari, pale viti vilipong'olewa, na tukamfungia mlango. Tulitaka kupima mlango ukiwa umefungwa kwa sababu ndivyo unavyokuwa dereva anaporudi nyuma, na waya unaokunjwa hubadilika tabia kufuatana na mkao wa mlango. Alifungua kava la ndani la mlango, akatoa LED, akapima kwenye holda: volti 11.9. Akachomeka balbu mbili za kawaida, mita ikiwa palepale. Namba ilianguka hadi 0.3. Akazichomoa, 11.9. Akarudisha, 0.3.

Tukashusha kipande cha dari juu ya mlango, tukaufikia waya wa rivasi kabla haujaingia kwenye mpira. Mwekundu, mstari mweusi. Kibanio kimoja cha balbu yetu hapo, kingine kwenye bati safi la bodi. Balbu iliwaka kwa mwanga mkali hadi kijana akageuza uso, mita ikasoma 11.8 ikiwa imewaka. Hapo swichi ya gia ilifutiwa kesi. Fyuzi, swichi ya funguo, swichi ya gia na waya wote kutoka mbele hadi darini vilikuwa vinabeba mzigo halisi bila kulalamika. Kilichobaki ni kipande cha mpira kisichozidi urefu wa mkono, na mlango wenyewe.

Ndani ya mpira

Tuliuchomoa mpira pande zote mbili tukausogeza. Kwa macho, waya wa rivasi ulikuwa mzima, plastiki yake haina hata mchubuko. Ukiushika kwa vidole viwili na kuuvuta taratibu, sehemu ya katikati ilirefuka kama tambi iliyoiva. Waya wenye shaba ndani haurefuki. Tuliukata hapo. Shaba ilikuwa imekatika nyuzi zote, ncha mbili zinatazamana, na katikati yake unga wa kijani. Plastiki ndiyo iliyokuwa inazishikilia ncha zigusane, na ule unga ndio uliokuwa unapitisha umeme kidogo kidogo.

Jirani yake kulikuwa na nyaya mbili ambazo plastiki imepasuka. Mmoja ulikuwa na nyuzi wazi zilizoelekea kwenye ukingo wa tundu la bati, na kwenye ukingo huo palikuwa na alama nyeusi ya kuungua, ndogo kama punje ya ulezi. Waya huo ulikuwa kwenye fyuzi ileile ya geji. Siku ya mvua ikawa imeeleweka.

Tulichoamua, na sababu zake

Dereva alipendekeza tumwekee swichi ya mkono kwenye dashibodi, awashe taa mwenyewe anapotaka kurudi nyuma, waya upite juu kwa juu. Ni ombi tunalolisikia sana, na mafundi wengi wanalikubali kwa sababu ni la haraka. Tulikataa. Swichi ya mkono husahaulika ikiwa imewashwa, na gari linalokwenda mbele huku taa za rivasi zinawaka linamdanganya kila aliye nyuma yake. Isitoshe, nyaya zilizopasuka zingebaki ndani ya mpira zikisubiri mvua nyingine.

Kuunganisha pale pale palipokatika, kusokota na kufunga tepu nyeusi, tulikukataa pia. Palipokatika ni mahali panapokunjwa. Kiungo chochote hapo, hata kilichochomelewa vizuri kwa risasi, kinafanya sehemu ngumu, na shaba itakatika tena pembeni yake. Njia tuliyotumia ni ndefu kidogo: tulikata waya mbali na mkunjo pande zote mbili, upande mmoja darini, upande wa pili ndani ya mlango, tukaingiza waya mpya laini wenye nyuzi nyingi nyembamba, unene sawa na wa zamani au kuzidi kidogo. Viungo tulivichomelea na kuvivika mirija inayosinyaa kwa moto, kila kimoja mahali pake ili visirundikane pamoja. Tuliacha urefu wa ziada ndani ya mpira, kwa sababu waya uliovutwa ukakaza hukatika mapema. Nyaya mbili zilizopasuka zilipata matibabu hayohayo.

Zilizobaki ndani ya mpira tulizivuta moja moja kwa vidole na kuzipima kwa balbu yetu. Zilibeba mzigo. Kuna hoja ya kubadilisha zote kwa mkupuo, na kama mama angekuwa na nafasi ya fedha ningeitetea. Alikuwa na shughuli mwisho wa wiki na sufuria la kununua. Tulimwambia wazi zipi mpya na zipi za zamani, tukaandika kwenye karatasi yake.

Kuhusu LED, tulirudisha balbu za kawaida tulizozikuta kwenye droo ya gari, zilezile alizokwishanunua, kwa hiyo ahadi yake ya kutonunua balbu haikuvunjwa. LED nzuri zipo. Hizi zilikuwa za bei ya chini, zinatupa mwanga pembeni badala ya nyuma, na tulihitaji kitu kitakachovuta umeme wa kutosha kutuonyesha kama njia nzima iko sawa. Uamuzi huo ulilipa mara moja.

Ziliwaka, lakini hafifu

Tulipochomeka balbu na kuingiza R, taa zote mbili ziliwaka na dereva akashangilia. Zilikuwa za rangi ya chungwa iliyokolea. Balbu ya wati 21 iliyoshiba umeme hutoa mwanga mweupe wenye unjano kidogo.

Mita ikawekwa pande mbili za balbu ikiwa inawaka: volti 9.3. Betri wakati huohuo ilikuwa 12.2. Volti 2.9 zilikuwa zinaliwa njiani, na balbu iliyopungukiwa kiasi hicho hutoa chini ya nusu ya mwanga wake. Swali likawa zinaliwa upande upi, wa kwenda au wa kurudi.

Hilo hupimwa taa zikiwa zimewaka. Ncha moja ya mita kwenye chanya ya betri, nyingine kwenye mguu wa chanya wa holda: 0.5. Huo ndio upotevu wa kwenda, na kwa waya mrefu wa gari la umri ule unavumilika. Ncha moja kwenye hasi ya betri, nyingine kwenye mguu wa erthi wa holda: 2.4. Hapo ndipo palipokuwa na mwizi.

Tulimfuata hatua kwa hatua. Kutoka holda hadi waya mweusi unapoingia mpirani, karibu sifuri. Ndani ya mpira, karibu sifuri. Kutoka kwenye kidole cha waya, kile kichuma cha mwishoni kinachobanwa na skrubu, hadi bati la bodi linalokishikilia, volti 2.1. Skrubu ya erthi, juu ya dari, ilikuwa imekaza kabisa, bisibisi haikuitikisa. Chini yake kulikuwa na kutu iliyotengeneza tabaka kati ya kidole na bati.

Tukafungua, tukapiga msasa hadi bati likang'aa, tukaweka kidole kipya na washa yenye meno, tukakaza na kupaka grisi juu ili hewa ya bahari isipite. Upotevu wa erthi ukashuka hadi 0.2, balbu zikapata 11.5. Injini ikiwashwa, zikapita 13.

Mpangusio (waipa) wa kioo cha nyuma, ambao dereva alidai "tangu zamani ni mvivu", ukaanza kwenda kwa kasi. Ulikuwa unatumia erthi ileile. Hakuna aliyemwuliza habari zake kabla.

Matokeo

Taa zinawaka zote mbili, kamera inawaka pamoja nazo, na mlango ukifunguliwa, kufungwa na kubamizwa hazipepesi. Tulimtaka dereva aurudie mchezo huo huku sisi tunatazama, mlango ukiwa katika kila mkao, kabla ya kurudisha makava. Gharama yetu haikufika nusu ya bei ya swichi. Swichi yenyewe ilikuja kwa basi, muuzaji akakataa kurudisha ile nusu, mama akamalizia na kuiweka kabatini. Gari lilirudi baada ya miezi kadhaa kwa jambo jingine la breki, tukapima tena taa zikiwa zinawaka, namba zilikuwa zilezile.

Uchambuzi

Kosa kubwa la kisa hiki lilitokea wakati fundi wa pili aliposoma karibu volti 12 kwenye holda tupu na kusema waya ni mzima. Mita haikudanganya, ila ilijibu swali jingine. Mita ya kawaida ya dijitali ina ukinzani, yaani uwezo wa kuzuia umeme usipite, wa takriban ohmu milioni 10, kwa hiyo karibu hakuna umeme unaopita ndani yake. Hata uzi mmoja wa shaba, hata unga wa kijani, unatosha kuipa volti zote. Balbu mbili za wati 21 zinataka jumla ya ampea 3.5. Swali la fundi umeme ni kama njia inaweza kupitisha ampea hizo, na hilo halijibiwi holda ikiwa tupu.

Tuchukue kwamba wakati ule zile ncha zenye kijani zilikuwa na ukinzani wa ohmu 10. Kamera peke yake inavuta kama ampea 0.1, inapoteza volti moja tu njiani, inawaka. Ongeza LED mbili ndogo, jumla ampea 0.3, zinapotea volti 3, zinabaki 9: LED zinawaka bila kung'aa, kamera inavumilia. Weka balbu mbili za kawaida. Nyuzi zake zikiwa baridi zina ukinzani mdogo mno, chini ya ohmu moja kila moja, kwa hiyo karibu volti zote zinaliwa na kile kiungo kibovu. Hata zikipata joto kidogo, balbu zinabaki na volti kama moja na nusu, hazipati joto la kutoa mwanga, na kamera iliyo kwenye waya huohuo inazima nazo. Kila alichokiona fundi wa pili kinaelezwa na ohmu 10 hizo. Kamera inayorudi ukitoa balbu ilikuwa dalili bora kuliko zote katika kisa kizima, na ilisomwa kinyume.

LED ziliufunika ugonjwa. Sizikatai, lakini mteja akisema "balbu za kawaida zilikataa, za LED zikawaka", kwangu hiyo ni taarifa ya waya au erthi mbovu hadi ithibitishwe vinginevyo.

Fundi wa tatu tusimhukumu sana kwa wazo lake. Swichi za gia kwenye magari ya oto yaliyozeeka hufa kweli, hasa maji na mafuta yakiingia, na kwenye gari la gia za mkono swichi ndogo iliyofungwa kwenye giaboksi huwa mtuhumiwa wa haki kabisa. Alichokosa ni dakika chache za kuthibitisha. Herufi R ilikuwa inawaka mbele ya macho yake, injini inaheshimu P na N, na balbu moja yenye vibanio ingemaliza mjadala. Wapo mafundi wanaoona aibu kupima mbele ya mteja, wakidhani fundi bingwa anajua kwa kusikia.

Fyuzi ya ampea 20 ndiyo inayonitisha kuliko taa zenyewe. Waya uliokuwa wazi ulikuwa darini, karibu na kitambaa na sponji, ndani ya gari linalobeba mitungi ya gesi. Fyuzi ya 10 ilikuwa imefanya kazi yake siku ile ya mvua, ikakatika. Ilipobadilishwa kwa kubwa, gari lilipoteza ulinzi huo na likaendelea kutembea hivyo hadi siku lilipoletwa kwetu.

Kilichofanya kazi vizuri upande wetu ni kupima mlango ukiwa umefungwa na kupima taa zikiwa zimewaka. Tungeishia kwenye waya uliokatika, mteja angeondoka na taa za chungwa na angeridhika, kwa sababu baada ya giza la muda mrefu hata mwanga hafifu unaonekana mzuri. Hatua ya kwanza, ya balbu yetu kutoka darini hadi bati safi, isingeweza kuigundua ile skrubu, kwa kuwa tulitumia erthi nyingine. Ndiyo maana kipimo cha mwisho lazima kifanyike kwenye balbu ya gari yenyewe, kwa njia yake yenyewe, kwenda na kurudi.

Bado kuna kisichokamilika. Waya wa taa ya breki ya juu ni wa zamani, upo ndani ya mpira uleule na unakunjwa na mlango uleule. Umeandikwa kwenye karatasi ya mama. Dereva ameelekezwa auangalie kila anapoosha gari: akanyage breki, mtu wa pili ainue na kushusha mlango taratibu, na taa ikipepesa hata mara moja, alilete. Kwa mwenye gari ambalo taa zake za rivasi ziko kwenye bodi, mpira wa mlango hauhusiki, na utafutaji wake uanzie kwenye holda na skrubu ya erthi iliyo nyuma ya taa, ambako maji ya mvua hujikusanya.